Namna ya Kulea Darasa la Wabishi: Mwongozo wa Fizikia ya Bei Ndogo, Durban

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi wabishi. Sisemi wakorofi, nasema wabishi: mtoto anayeambiwa kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, naye akauliza nani aliyepima, wapi, na kwa chombo gani. Anayetaka darasa tulivu afungue kitabu ukurasa wa kwanza, asome kwa sauti, na Mungu ambariki. Anayetaka wabishi atahitaji kibao kimoja cha elektroniki kinachoenea kiganjani, nyaya chache, subira ya kutosha, na moyo wa kukubali kupingwa na kijana wa miaka 17 mbele ya wenzake.

Naandika nikiwa na Durban akilini, kwa sababu huko ubishi wa aina hii unahitajika na hautahiniwi. Mtihani wa kumaliza sekondari Afrika Kusini, wenyewe wanauita matriki, ni wa kalamu na karatasi. Karatasi ya kwanza ya sayansi, ile ya fizikia, ina alama 150 na saa 3, na thamani ya g imechapwa tayari kwenye jedwali la mwisho. Majaribio yamo ndani ya kazi za mwaka, ambazo zote kwa pamoja ni robo tu ya alama ya mwisho. Msomaji wa Mombasa au Kisumu atashangaa, maana mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, KCSE, una karatasi ya tatu ya fizikia ambayo ni ya vitendo, na mtahiniwa anakabidhiwa vifaa ahangaike navyo mwenyewe. Mwalimu wa Umlazi, Durban, aliyebanwa na silabasi ana kila sababu ya kulichora jaribio ubaoni, kutoa namba za kutunga na kusonga mbele. Simlaumu. Namtafutia njia nyepesi ya kutofanya hivyo.

Tena maabara tupu za shule kama yake hazikuota kama uyoga. Mwaka 1953, Bunge lilipopitisha Sheria ya Elimu ya Wabantu, waziri Hendrik Verwoerd aliuliza waziwazi kuna faida gani kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati ambayo hatakuja kuitumia. Ukafuata ugawaji wa makazi kwa rangi: Waafrika KwaMashu na Umlazi, Wahindi Chatsworth na Phoenix. Chatsworth walihamishiwa pia Wazanzibari wa Durban, wazawa wa Wamakua waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa katika bandari hiyo kuanzia 1873. Kila shule ikapata fedha kulingana na rangi ya watoto wake. Sheria zile zilifutwa, lakini meza za maabara hazikuhama zilipokuwa. Kwa hiyo kifaa cha bei ndogo nakichukulia kwa uzito wote. Mtoto wa Umlazi anastahili kupima dunia kwa mkono wake kama mtoto yeyote, na sasa inawezekana bila kusubiri bajeti ya jengo.

Basi tuanze na ununuzi. Usinunue sanduku la maabara lililofungwa, lile linalotoa jibu safi ukibonyeza kitufe. Ni zuri, ni ghali, na mwanafunzi hana la kuliuliza. Nunua kibao cha kupangia programu cha aina ya Arduino Uno, tena nakala yake inatosha. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, mikononi mwa walimu na wanafunzi wa usanifu waliotaka kitu cha bei ndogo cha kufundishia, na jina wakalichukua kwenye baa waliyozoea kukutania. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana nakala zimejaa sokoni. Kuna ndugu zake: micro:bit, ambayo BBC iliigawa kwa watoto kama milioni moja Uingereza mwaka 2016, na Raspberry Pi Pico iliyotoka 2021 kwa dola 4 za Marekani. Chochote kati ya hivyo kitafaa. Mimi nasimama na Uno kwa sababu maelezo yake yameandikwa mno kiasi kwamba mwanafunzi aliyekwama saa tano usiku ataweza kujikwamua.

Akija mzazi au mkaguzi kusema hivi vitu ni vya Wazungu, mkumbushe kwamba Seymour Papert, mmoja wa walioiunda Logo mwaka 1967, lugha ya kwanza ya programu iliyokusudiwa watoto, alizaliwa Pretoria mwaka 1928.

Kabla ya kukutana na Newton utakutana na nywila. Nakala nyingi za Uno huongea na kompyuta kupitia kijichipu kiitwacho CH340, na kompyuta za zamani za Windows hazikitambui mpaka uziwekee programu yake ndogo. Kompyuta za shule nazo hazikubali kuwekewa kitu bila nywila ya msimamizi, na msimamizi alihamia shule nyingine. Hapa ndipo miradi mingi inapofia, wala si kwenye fizikia. Fanya kazi hii wiki nzima kabla ya kipindi, kwenye kila kompyuta, kisha hakikisha taa ndogo ya kibao inawaka na kuzima kwa amri yako. Kipindi cha dakika 45 hakina nafasi ya kumtafuta mtu wa kompyuta.

Sasa anza na kihisi cha umbali kinachoitwa HC-SR04. Kina macho mawili ya bati, kinakukodolea kama bundi. Jicho moja hupiga mlio wa hezi 40,000, ambao sikio la binadamu halisikii; la pili husubiri mwangwi. Kibao kinahesabu maikrosekunde kati ya mlio na mwangwi, na programu unayoikuta kila mahali inagawanya hesabu hiyo kwa 58 ili ikupe sentimita. Usiwaeleze wanafunzi hiyo 58 imetoka wapi. Iache hapo hapo kwenye skrini, peke yake, kama namba zote walizowahi kupewa bila maelezo.

Chagua siku ya Februari, darasa la bati, nyuzijoto 30 hata kabla ya saa sita mchana. Mwambie mmoja apime mita 2 kamili kutoka ukutani kwa utepe wa fundi ujenzi, aweke kihisi hapo. Kitasoma kama sentimita 197. Watarudia. 197. Utasikia "Hhayi, thisha!", yaani hapana mwalimu, kutoka nyuma, na lawama zitashukia kifaa: cha bei ya chini, kibovu, tumeibiwa. Waache walaumu mpaka waishiwe, ndipo uulize 58 ni nini.

Watakaa nayo. Atakayeng'amua kwanza ni yule atakayekumbuka kwamba mlio unakwenda na kurudi, kwa hiyo sentimita 1 ya umbali ni sentimita 2 za safari. Sentimita 2 kwa maikrosekunde 58 ni mita 345 kwa sekunde, na hiyo ni kasi ya sauti katika hewa ya nyuzi 22 hivi. Yeyote aliyeandika programu ile alikaa kwenye chumba chenye ubaridi wa wastani. Kasi ya sauti huongezeka kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde kila joto linapopanda nyuzi moja, kwa hiyo katika darasa lao sauti inakimbia karibu mita 349.5 kwa sekunde. Mwangwi umewahi kurudi, na kibao kikadhani ukuta umesogea.

Rudia jaribio hilo asubuhi ya Julai, darasa likiwa na nyuzi 14. Sasa kihisi kitasoma kama 203. Ukuta haukutembea sentimita 6 kati ya kiangazi na kipupwe, na hakuna mwanafunzi atakayekubali kwamba ulitembea. Hapo mmoja wao atasema kile ambacho mwalimu hapaswi kumtangulia kukisema: basi thisha, hiki ni kipimajoto. Mwache akitetee. Kwenye mita 2, nyuzi moja ya joto inabadilisha usomaji kwa milimita 3 na nusu, na kihisi chenyewe kinatofautisha milimita 3 hivi. Yaani inawezekana, kwa tabu, na hiyo tabu ni wiki mbili za fizikia nzuri kuliko mada yoyote niliyowahi kuiona kwenye mpango wa kazi.

Nimekaa kwenye kihisi hiki kwa makusudi. Hiki ndicho ninachokiamini kuhusu vifaa vya bei ndogo: vinakosea kwa sababu zinazoweza kufuatiliwa na mtoto. Makosa ya kifaa ghali yamefichwa na mtengenezaji. Haya yako mezani, na kila mwenye akili anaweza kuyashika mkia.

Tukifika kwenye g, mwanafunzi wa Durban kwa miaka mingi ameipima, kama ameipima kabisa, kwa mashine ya kugonga nukta kwenye utepe wa karatasi, nukta moja kila sekunde 0.02. Uno inahesabu muda kwa hatua za maikrosekunde 4. Tengeneza geti la mwanga: taa ya LED ya infraredi upande mmoja, fototransista upande wa pili, pengo la vidole vitatu katikati. Chukua rula ya plastiki inayopitisha mwanga, izungushie mikanda ya utepe mweusi wa fundi umeme kwa vipimo sawa, kisha iachie ianguke katikati ya geti. Kila mkanda unapokata mwanga, kibao kinaandika muda, na kasi inaonekana ikipanda mkanda kwa mkanda. Njia hii inashinda ile ya kudondosha gololi kutoka mita 1, ambayo huchukua sekunde 0.452 tu na kosa lote liko kwenye kidole kinachoiachia.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile rezista inayobadilika kwa mwanga, LDR, ambayo ni rahisi na ipo kila duka, usiitumie hapa. Huchukua milisekunde makumi kuhisi giza, na rula inayoanguka kwa mita 3 kwa sekunde imeshapita sentimita 3 katika milisekunde 10 tu. Wa pili ni jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na Durban dirisha la mashariki saa nne asubuhi linaweza kuipofusha fototransista kabisa, mikanda ikapita bila kuonekana. Dawa ni kipande cha mrija mweusi wa kunywea soda, kivalishwe juu ya fototransista ili itazame mbele tu. Usiwape dawa hiyo kabla hawajaugua. Geti likigoma saa nne na kufanya kazi saa nane, watatafuta wenyewe nini kimebadilika, na wataelekea dirishani.

Majibu yatakuja: 9.6, 10.1, 9.7, 9.9. Thamani halisi ya Durban, usawa wa bahari, karibu digrii 30 kusini mwa ikweta, ni kama 9.79, na jedwali la mtihani limeikadiria kuwa 9.8. Usimpe alama za juu aliyeleta 9.8 kamili mpaka akuonyeshe namba zake mbichi. Mpe alama za juu aliyeleta 9.6 akaweza kueleza kwa nini rula yake ilianguka ikiwa imeinama.

Betri nitaipitia haraka. Kupima ukinzani wa ndani wa betri ni miongoni mwa majaribio ya lazima ya darasa la 12, na Uno inalimudu. Inagawanya volti 5 katika vipande 1,024, kila kimoja karibu milivolti 4.9. Ila inaamini kwamba inapata volti 5. Kompyuta ikiipa 4.7, betri ambayo mita ya fundi inaisoma 1.50 itasomeka 1.60 kwenye kibao. Wanafunzi wagundue hilo kwa kulinganisha vifaa viwili na kuamua nani shahidi wa kuaminika. Na hapa sibembelezi: mguu wa kupimia usipewe zaidi ya volti 5, na hakuna mwanafunzi atakayekaribia soketi ya ukutani yenye volti 230 na kifaa hiki, hata akiahidi nini.

Kwa mada ya Doppler kibao kibaki kabatini, simu inatosha. Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani, kilitoa mwaka 2016 programu ya bure iitwayo phyphox inayofungua vihisi vilivyomo ndani ya simu. Simamisheni simu ndani ya uzio wa shule, mbali na barabara, subirini teksi. Teksi za Durban ni daladala zao, na honi ndiyo lugha yao. Watoto wanazitambua kwa sauti hata wakiwa wamefumba macho. Honi ya hezi 400 kwenye gari la kilomita 60 kwa saa itasikika karibu 420 ikija na 382 ikishapita. Kisha wageuze hesabu: kutoka 420 na 382, na kasi ya sauti ya mita 348 kwa sekunde, watafute mwendo wa gari. Darasa zima litatulia ghafla pale namba itakapotoka karibu na 60. Nawaomba walimu wasiwapeleke kwenye kituo cha teksi cha Warwick Junction kwa jaribio hili. Honi ni nyingi mno kwa wakati mmoja, na pale mtu anapaswa kutazama miguu yake.

Sasa tufike kwa Mpemba, ambaye bila yeye mwongozo wa Kiswahili kuhusu ubishi haujakamilika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Tanzania, akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache, akaweka mchanganyiko wake ungali moto, na wake ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na darasa likapata msemo wa kumsimangia kila akikosea hesabu. Kisha alimuuliza swali hilo hilo Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni kwao, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Kihisi cha joto DS18B20 kinauzwa kikiwa ndani ya mrija wa chuma usioingiza maji, na kosa lake halizidi nusu nyuzi kati ya −10 na 85. Weka viwili katika vikombe viwili vya maji, kimoja cha moto na kimoja cha vuguvugu, ndani ya friza moja, na kibao kiandike joto kila sekunde 10 usiku kucha. Waambie wanafunzi ukweli wote: watafiti bado hawajaafikiana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia majaribio ya namna hii wakasema hawakuona ushahidi wa maji moto kupoa haraka zaidi, na walionyesha kwamba kukiinua kipimajoto sentimita moja ndani ya chombo kunatosha kubadilisha hadithi. Basi vihisi vyenu vimekaa urefu gani kutoka chini? Vikombe vinafanana? Friza ina barafu upande mmoja? Nakuomba, mwalimu mwenzangu, uwe Osborne siku hiyo. Akitokea mtoto na grafu ya ajabu, usicheke wala usiruhusu darasa licheke, hata kama una uhakika amechanganya nyaya. Ziangalieni nyaya pamoja naye.

Yaliyobaki ni ya utunzaji. Huenda umeme ukakatika, kwa hiyo endesha vibao kwa pawabenki, lakini ujue kwamba nyingi hujizima zikiona kifaa kinakula umeme kidogo, na Uno inakula kidogo sana. Jaribu yako nyumbani. Ikijizima baada ya nusu dakika, tafuta nyingine au tumia betri nne za AA zinazochajiwa. Hewa ya bahari inakula chuma: shule iliyo upande wa Bluff ikiacha vibao mezani, pini zitashika kutu, kwa hiyo viwe na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na pakiti za kunyonya unyevu ambazo watu huzitupa wakinunua viatu. Nyaya zihesabiwe kila mwisho wa kipindi na wanafunzi wenyewe, kwa zamu.

Lugha isikusumbue. Amri za programu ni za Kiingereza, mabishano yawe ya Kizulu, na karibu na Albert Park na Point kuna watoto wa wazazi kutoka Kongo na Burundi ambao nyumbani wanaongea Kiswahili. Weka wanaoelewana kwenye meza moja kwa saa ya kwanza, kisha wachanganye. Anayeweza kueleza 58 kwa lugha mbili ameielewa.

Na Desemba shule ikifungwa, usivifungie vibao kabatini. Vikiibwa vyote likizoni, hasara ni ndogo kuliko ya wiki kadhaa za kukaa gizani bila mtu kuvigusa. Viazime. Daftari la azima liwe na safu tatu: jina, namba ya kibao, na atakachopima. Safu ya tatu isiachwe wazi. Asiye na wazo mpe kibao hata hivyo, pamoja na kihisi cha joto, na umtume aandike joto la friji ya kwao kila dakika kwa usiku mmoja ambao umeme utakatika, kisha Januari aje na grafu na saa anayodhani maziwa yalianza kuharibika.